Jino la mtu mzima halioti tena, au limezuiwa tu kuota?

Huko Japan, kwenye hospitali ya Chuo Kikuu cha Kyoto, mwishoni mwa 2024 walianza kuwadunga sindano wanaume wazima wenye mapengo, kuona kama dawa ya kuotesha meno ni salama kwa binadamu. Wanaume 30, umri miaka 30 mpaka 64, kila mmoja amepungukiwa angalau jino moja la nyuma. Najua habari za namna hii zinazunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp na nyingi ni za watu wanaouza unga wa mizizi, ila hii ina utafiti wa miaka mingi nyuma yake na mimi nimekuwa naifuatilia kwa karibu, nina sababu ya kifamilia nitaifikia huko mbele.

Ninachotaka kusema leo ni kwamba jino linatoka kwenye chipukizi, basi, halitoki kwingine, na kila mnyama anayeota meno upya maisha yake yote anaweza kwa sababu hajapoteza pale machipukizi yanapotokea. Ukishalielewa hilo unaelewa Wajapani wanatafuta nini, na unaelewa pia ubaya wa jambo moja tunalowafanyia watoto wetu huku.

Tuanze na sisi wenyewe. Mimba ikifika kama wiki ya sita hivi, kwenye mdomo wa mtoto aliye tumboni ile ngozi laini ya juu ya ufizi inaanza kuzama kwenda chini na kufanya utepe mwembamba unaofuata mzunguko wote wa taya. Kwenye huo utepe ndo yanachomoza machipukizi ya meno 20 ya utoto, halafu pembeni ya kila chipukizi linajitokeza lingine dogo ambalo ndo jino la ukubwani, na magego yanatoka mwisho wa utepe unavyozidi kurefuka kurudi nyuma, mpaka jumla inafika 32. Kazi ikiisha utepe unakatikakatika na kuyeyuka, yanabaki mabaki ya seli chache zimetawanyika ndani ya fizi, hazifanyi kitu. Na zile seli zinazotengeneza enameli, ule ugumu mweupe wa nje, zenyewe zinakufa jino likichomoza, ndo maana mfupa ukivunjika unaunga, kidonda kinafunga, ila tundu la jino halijazibika lenyewe hata siku moja.

Sasa nenda soko lolote la samaki pwani, Feri pale Dar kwa mfano, umkute muuza papa asubuhi kabla hajakata kichwa, muombe akufunulie taya la chini. Safu ya mbele ya meno imesimama. Sukuma kwa kidole ile nyama laini ya ndani, taratibu maana hata papa akiwa amekufa yale meno yanakata, utaona safu nyingine imelala chali ncha zimeelekea kooni, na nyuma yake nyingine tena ndogo zaidi, na ukiigusa ile ya mwisho kabisa bado ni laini haijakomaa. Zote ziko njiani zinakuja mbele. Jino la mbele likidondoka la nyuma linainuka linachukua nafasi, papa mmoja anaweza kupoteza makumi elfu ya meno maisha yake yote na asipate pengo la kudumu.

Mwanabiolojia mmoja anaitwa Gareth Fraser, wakati huo alikuwa Chuo Kikuu cha Sheffield Uingereza, mwaka 2016 yeye na wenzake walichapisha utafiti wa papa wadogo wakiwa bado kwenye yai, wakafuatilia ni jeni zipi zinawaka pale meno yanapoanza. Kumbe ni zilezile ambazo hata sisi tunazo na tunazitumia kutengeneza meno yetu, ni jeni za kale sana, zipo kwa viumbe wenye uti wa mgongo tangu mamia ya mamilioni ya miaka. Tofauti ni kwamba utepe wa papa haufi. Unabaki hai na seli shina zake ndani, yaani zile seli zinazoweza kuzaa seli mpya za aina mbalimbali, unaendelea kuchipua mpaka siku samaki anakufa.

Hapo mtu atasema papa ni samaki bwana, tuko mbali naye mno, na ana hoja, maana jino la papa halijazamishwa kwenye mfupa, limeshikwa na nyama tu. Ndo maana mimi mnyama aliyenivutia zaidi ni mamba. Jino la mamba limekaa kwenye shimo la mfupa kama letu. Timu ya Cheng-Ming Chuong wa Chuo Kikuu cha Southern California walimchunguza aligeta, yule ndugu wa mamba anayeishi Marekani, wakachapisha 2013. Aligeta ana meno karibu 80 na kila moja linaweza kubadilishwa mpaka mara 50 hivi. Walichokuta ndani ya kila shimo ni vitu vitatu vimepangana: jino linalofanya kazi sasa hivi, chini yake jino dogo linalosubiri zamu, na pembeni kipande cha utepe chenye seli shina zimetulia. Waliotoka Kagera au Kilimanjaro watanielewa haraka, ni shina la mgomba lililotunzwa vizuri, mama ana mkungu, binti yuko pembeni, mjukuu ndo kwanza anachungulia, ukikata mama kazi inaendelea. Na ndivyo ilivyokuwa kwa aligeta, jino likitoka au likitolewa ile ishara inafika kwenye utepe, seli zinaamka, mjukuu anaanza kukua.

Sisi ni shamba ambalo mama na binti wapo ila mjukuu aling'olewa mapema.

Kwa nini iwe hivyo, wanabiolojia wengi wanaeleza kwamba ni gharama ya kutafuna. Mamba hatafuni, anakamata anararua anameza. Sisi tunaonyonyesha, meno yetu ya juu na ya chini lazima yakutane sawasawa ili yasage, na meno yanayobadilika ovyo kila mara hayawezi kukutana sawasawa, kwa hiyo mababu wa mamalia walibaki na awamu mbili, ya utotoni na ya ukubwani, basi.

Ila hata kwenye ukoo wetu huo wa wanyonyeshao wapo waliopata njia nyingine. Tembo ni mfano tunaoishi nao. Magego yake kila upande wa taya ni sita kwa maisha yake yote, ila hayatoki yote kwa pamoja, linatoka moja nyuma, kubwa, linasogea mbele polepole huku la mbele linakatika vipande vipande na kutoka, linafuata lingine. Lile la sita likisagika, miaka ya sitini huko, hakuna jingine, tembo mzee anaanza kutafuta majani laini kwenye vinamasi, mwisho anakufa kwa kushindwa kula. Watafiti wa tembo Uganda miaka ya 1960 walikuwa wanakadiria umri wa tembo aliyekufa kwa kuangalia tu yuko gego la ngapi. Na zile pembe zenyewe ni meno, ya mbele ya juu, zinaendelea kurefuka maisha yote kwa sababu mzizi wake haufungi.

Panya naye ni hivyohivyo kwa meno ya mbele. Pale kwenye shina la jino lake kuna kifuko cha seli shina ambacho kinatoa enameli mpya kila siku, na enameli iko upande wa mbele tu, nyuma ni laini, kwa hiyo akitafuna upande wa nyuma unalika haraka na ncha inabaki kali. Lakini magego yake yakiisha yameisha.

Aliyenishangaza ni fuko. Yule anayechimba chini ya mihogo na viazi, mkulima anaona kichuguu cha udongo mpya asubuhi anaanza kulaani. Kuna aina moja ya fuko mwenye manyoya ya rangi ya fedha, kisayansi Heliophobius argenteocinereus, anapatikana Kenya, Tanzania, Malawi, Msumbiji na maeneo ya jirani. Huyu anachimba kwa meno, sio kwa kucha, midomo yake inafungia nyuma ya yale meno ya mbele ili udongo usiingie kinywani. Mwaka 2011 watafiti wakiongozwa na Helder Gomes Rodrigues walionyesha kwamba magego yake hayaishi, mapya yanazaliwa nyuma ya taya, yanasogea mbele, yaliyochakaa yanayeyuka na kutoka huko mbele, mpaka fuko anazeeka bado anapata gego jipya. Kwa mamalia wanaojulikana kufanya hivyo ni wachache sana, nguva wa mito na ghuba za Atlantiki yumo, na kangaruu mmoja mdogo wa miamba huko Australia. Na huyu wa kwetu anauawa kwa jembe kila msimu.

Kwa hiyo mlango haujafungwa kwa mamalia wote, utepe unaweza kubaki hai hata kwa mnyama anayenyonyesha. Swali linageuka, linakuwa: kwa binadamu ni nini kinauambia unyamaze?

Hapo ndo anaingia daktari Katsu Takahashi wa hospitali ya Kitano, Osaka. Yeye ni daktari wa meno na upasuaji wa kinywa, na kilichomshika miaka yote ni watu wa aina mbili, wale wanaozaliwa bila machipukizi ya kutosha na wale wanaozaliwa na meno ya ziada. Kwenye panya wa maabara ilionekana kwamba ukiondoa jeni ya protini moja inayoitwa USAG-1, panya anaota meno zaidi ya kawaida. Yaani hiyo protini kazi yake ni kufunga breki. Inazishika zile ishara zinazoiambia seli "tengeneza jino", ishara za BMP na Wnt kwa majina yake, na chipukizi linaishia kukua kidogo kisha linafifia. Basi wakatengeneza kingamwili inayoishika USAG-1 yenyewe ili isiweze kuzuia. Mwaka 2021 walichapisha matokeo: panya waliozaliwa na upungufu wa meno walipata jino kwa sindano moja, na ferreti, mnyama jamii ya kicheche ambaye kama sisi ana meno ya utoto na ya ukubwani tu, akaota jino la mbele la ziada, lenye umbo la meno yake ya kawaida.

Takahashi anaamini binadamu tuna mabaki ya chipukizi la awamu ya tatu, limelala, na dawa italiamsha. Kampuni yao Toregem BioPharma imesema inalenga dawa iwe imepatikana karibu 2030, ikianzia na watoto wa miaka 2 mpaka 7 waliozaliwa wakiwa wamekosa angalau meno manne.

Naomba tusikimbie. Jaribio la Kyoto la wale wanaume ni awamu ya kwanza, linaangalia usalama, halijaahidi mtu jino. Hizo ishara za BMP na Wnt hazifanyi kazi mdomoni peke yake, mwili mzima unazitegemea, na kwenye panya baadhi ya kingamwili za mwanzo zilizogusa ishara zote mbili zilipunguza idadi ya vitoto vinavyozaliwa na kuishi, ndo maana waliendelea kutafuta mpaka wakapata inayogusa upande wa BMP zaidi. Halafu kuna suala la jino liote wapi, lielekee wapi, liwe gego au chonge. Kuota tu haitoshi. Mimi nataka sana hii kitu ifanikiwe na kwa sababu nataka ifanikiwe sipendi kuona mtu anaandika kwamba implanti, yale meno ya kupandikiza, sasa basi, meno yanarudi mwakani.

Maana hebu tuangalie hali ilivyo. Shirika la Afya Duniani lilisema 2022 kwamba magonjwa ya kinywa yanawagusa watu karibu bilioni 3.5. Huku kwetu mtu akiumwa jino anavumilia, anaweka karafuu, anameza dawa ya maumivu wiki mbili, akifika kliniki anaambiwa kutibu mzizi ni bei hii na kung'oa ni bei hii, anaangalia zote mbili, anang'oa. Nami nilichagua hivyo kwenye gego la chini kulia, pesa ndo ilikuwa hiyo. Hakuna anayekuambia vizuri pale kwamba mfupa wa taya uliokuwa umelishika jino unaanza kupungua baada ya hapo, na zaidi mwaka ule wa kwanza, kwa sababu hauna cha kushika. Meno ya jirani yanaanza kuinamia pengo. Wazee walisema jino la pembe si dawa ya pengo na kitaalamu wako sahihi, implanti ni skrubu ya titani iliyoshikana na mfupa moja kwa moja, inatafuna vizuri na inadumu, nawashukuru wanaozitengeneza, ila jino la asili limening'inizwa kwenye shimo lake na nyuzi nyembamba zenye mishipa ya fahamu, ndo zinazokuambia kuna mchanga kwenye wali kabla hujauma kwa nguvu. Hizo nyuzi implanti haina.

Sasa nifike kwenye jambo la familia.

Wanaosoma kutoka Tanzania wengi wanajua "meno ya plastiki", wengine wanayaita meno ya nailoni. Uganda wana jina lao, Kenya, Sudan na Ethiopia nako yapo. Mtoto wa miezi sita, saba, anaharisha, ana homa, analia usiku kucha. Mtu mzima anamfunua mdomo, anaona ufizi umevimba pale chonge zitakapotokea, anasema huyu ana meno ya plastiki, yasipotolewa atakufa. Anaitwa fundi. Kinachotumika ni kisu, msumari uliochomwa moto, spoku ya baiskeli. Anachimba ufizi anatoa kitu cheupe, kidogo, laini, kinabonyea, anamwonyesha mama: si unaona, plastiki. Na kweli ni laini. Ni laini kwa sababu ni jino la utoto ambalo halijakomaa, enameli yake bado haijawa ngumu, lilikuwa limelala mahali pake linasubiri mwezi wa 16, wa 18, lichomoze.

Mdogo wangu wa mwisho alifanyiwa hivyo. Aliyempeleka alikuwa bibi yetu, mtu aliyempenda yule mtoto kuliko kitu chochote, na kuharisha kulipoisha baada ya siku chache, kama ambavyo kungeisha, nyumba nzima iliamini. Miaka kumi na kitu baadaye chonge za ukubwani moja ikatoka imepinda na nyingine haikutoka kabisa. Mama akampeleka hospitali wakapiga eksirei. Daktari akaishika ile filamu kwenye mwanga akasema, "Mama, hapa hakuna kitu. Halijachelewa, halipo." Mama akauliza, "Sasa daktari, tusubiri mpaka lini?" Yule daktari alimweleza kwa upole sana kwamba chipukizi la chonge ya ukubwani liko nyuma tu ya ile ya utotoni, na kwenye miezi ya nne na ya tano baada ya kuzaliwa ndo linaanza kuweka ugumu wake wa kwanza. Ukichimba pale kwa msumari unafuta jino la sasa na la baadaye kwa mkupuo mmoja.

Na hao ni wale waliopona. Wapo watoto wanaopoteza damu nyingi, wanaopata pepopunda, wanaopata maambukizi ya damu, na yule anayeharisha kwa kweli anacheleweshewa ORS na zinki huku watu wanahangaika na fizi zake.

Ndo maana nikisoma kuhusu papa na aligeta na fuko sisomi kama mambo ya kufurahisha tu. Wanyama hao wote wamelinda kitu kimoja kwa mamilioni ya miaka, na Osaka daktari mmoja ametumia maisha yake ya kazi kutafuta kama binadamu amebakiwa na chembe ya kitu hichohicho, na sisi tunakitoa kwa msumari kwa mtoto wa miezi saba halafu tunamshukuru fundi kwa hela.

Nimejiuliza sana kama dawa ya Takahashi ingemsaidia mdogo wangu. Kwa jinsi inavyofanya kazi sina matumaini makubwa, kwa sababu inaachia breki, haiundi kitu mahali ambapo hakuna kitu, na fundi hakuchagua atoe chipukizi lipi aache lipi. Kundi linalopangwa kufuata huko Japan ni watoto waliozaliwa na upungufu. Wa kwetu walizaliwa na yote.

Kwa watu kama yeye njia ni nyingine, kutengeneza chipukizi lenyewe nje na kulipanda. Na hiyo nayo ina watu wake. Mwaka 2009 timu ya Takashi Tsuji huko Japan walichukua seli kutoka kwa vijusi vya panya, wakaziunganisha maabara mpaka zikafanya chipukizi, wakalipanda kwenye taya la panya mzima aliyeng'olewa jino, likachomoza, likakutana na jino la taya la pili, na lilikuwa na hisia. Shida ni kwamba kwa binadamu huwezi kuchukua seli za kijusi. Pamela Yelick wa Chuo Kikuu cha Tufts, Boston, amekwenda upande wa nguruwe, kwa sababu taya la nguruwe linakaribia letu kwa ukubwa na mataya ya machinjioni yanapatikana yakiwa na meno ambayo hayajachomoza. Yeye na Weibo Zhang walichanganya seli za meno ya nguruwe na seli za kiini cha jino la binadamu, ile nyama laini ya ndani, wakazipanda kwenye taya za nguruwe wadogo, na mwishoni mwa 2024 wakachapisha kwamba walipata vitu vyenye dentini, ile sehemu ngumu iliyo chini ya enameli, na tabaka zinazofanana na jino. London, pale King's College, Ana Angelova Volponi na wenzake 2025 walitoa aina ya jeli ambayo seli zinaweza kuambizana ndani yake polepole kama zinavyofanya tumboni, badala ya kumwagiwa ishara zote kwa wakati mmoja.

Kilichotoka kwa nguruwe wa Boston si jino kamili, umbo bado halijatulia, na wao wenyewe wanasema hatua inayofuata ni kutumia seli za binadamu aliyekomaa pande zote mbili, bila msaada wa seli za nguruwe. Mdogo wangu ana miaka ishirini na kitu sasa. Nimemtumia ile makala ya Tufts, akanijibu kwa voisi ndefu ya maswali, la kwanza lilikuwa kama seli za kiini zinaweza kutolewa kwenye jino lake la hekima ambalo daktari ameshamwambia litang'olewa. Zinaweza, hilo ni miongoni mwa meno ambayo watafiti wanayatumia kupata hizo seli.